Kuingiza data kwenye jedwali: safu moja moja au kwa mkupuo?

Ukipewa faili lenye safu 50,000 uziingize kwenye hifadhidata, wazo la kwanza huwa ni kitanzi: soma mstari, tuma INSERT (amri ya kuingiza safu), rudia. Inafanya kazi, lakini kwa mwendo wa kobe.

Kinachochelewesha si uandishi wenyewe. Usipoagiza vingine, hifadhidata nyingi huihesabu kila INSERT kuwa muamala kamili, yaani kazi inayoingia yote au isiingie kabisa, na muamala haufungwi mpaka diski ithibitishe kuwa data imetua. Watengenezaji wa hifadhidata ya SQLite wanatoa mfano wa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika: INSERT zinaweza kufika 50,000 kwa sekunde, ila miamala ni kama 60 tu. Piga hesabu. Faili letu litachukua karibu dakika 14 kwa muamala mmoja mmoja, na sekunde moja hivi likifungwa ndani ya muamala mmoja. Diski za SSD, zisizozunguka, zimepunguza kusubiri huko, sawa, lakini seva ikiwa mbali bado kila amri ina safari yake ya kwenda na kurudi.

Basi mkupuo umeshinda? Subiri safu ya 31,406 ije na tarehe 30 Februari. Hifadhidata kama PostgreSQL itaikataa, na kwa kuwa muamala ni mmoja, zile 31,405 zilizotangulia zitafutika nayo. Hapo ndipo wapenzi wa safu moja moja husema, "Si tuliwaambia?" Kwao ingeanguka moja tu, nyingine zikaendelea.

Hoja hiyo ina nguvu kwa vipimo vya kihisi cha joto, ambavyo kila kimoja kinajitegemea. Kwa oda na bidhaa zake haina. Oda iliyoingia na nusu ya bidhaa ni mbaya kuliko oda isiyoingia kabisa. Tena programu ikizimika katikati ya kitanzi, ukiianzisha upya safu za mwanzo zitaingia mara mbili, isipokuwa jedwali lina ufunguo wa kipekee wa kuzizuia. Usalama wa safu moja moja husifiwa kupita kiasi.

Mkupuo nao una kikomo, ukibandika safu nyingi kwenye INSERT moja. Hifadhidata ya SQL Server hairuhusu zaidi ya safu 1,000 kwenye orodha ya VALUES, sehemu ya amri inayobeba data. PostgreSQL inapokea vigezo (thamani za kujazwa) 65,535 kwa amri moja, hivyo jedwali la safuwima 20 linaishia safu 3,276. Zaidi ya hapo, tumia COPY, amri ya PostgreSQL ya kumimina faili zima, ambayo angalau hukutajia mstari uliokosewa.

Mimi naegemea mkupuo, ila si moja kwa moja kwenye jedwali kuu. Namimina faili lote kwenye jedwali la muda ambalo safuwima zake zote ni maandishi matupu, nakagua, kisha nahamisha zilizo safi kwa INSERT … SELECT (amri inayochagua safu na kuziingiza kwenye jedwali jingine) ndani ya muamala mmoja. Kazi inaongezeka kidogo, na nafasi ya diski pia. Lakini ile 30 Februari inabaki pale kwenye jedwali la muda, na mstari wake kamili, mpaka aliyeleta faili aje aeleze alimaanisha siku gani.