Karani wa mizani naye ana moyo

Msimu wa korosho ukifika huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, kuanzia Oktoba mpaka kama Januari hivi, mi nakuwa mtu wa kutukanwa. Nakaa kwenye mizani ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, mkulima analeta gunia napima, naangalia kama korosho zimekauka, naandika stakabadhi, basi. Bei sipangi mi, inatoka mnadani. Hela silipi mi, zinaingia benki mnunuzi akishalipa. Lakini anayeonekana kwa macho pale kijijini ni mimi, kwa hiyo bei ikishuka ni mimi, hela ikichelewa ni mimi, gunia likirudishwa kwa unyevu ndo kabisa, nimekula rushwa mimi.

Msimu wangu wa kwanza malipo ya mnada mmoja yalichelewa sana, na babu mmoja akaniambia mbele ya foleni nzima kwamba mi mwizi na mama yangu kazaa mwizi. Nikanyamaza, nikampa heshima yake, nikaendelea kupima. Usiku sikulala. Na sio usiku ule tu, ikafika mahali nikisikia pikipiki inasimama nje ya ghala tumbo linakata, nikaanza kuwajibu watu kwa mkato hata kina mama ambao hawajanikosea chochote, nikirudi nyumbani mwanangu akiniita mara mbili namfokea. Nikamfata kiongozi nikamwambia hali yangu, akanijibu "vumilia binti, kazi ndo ilivyo, kama moyo mwepesi nenda kalime".

Jibu hilo nimelisikia na kwa wenzangu wengi tu, nesi, mwalimu, binti wa dirisha la uwakala wa pesa, na mi nalikataa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliueleza ule uchovu wa kazi unaommaliza mtu kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kujitenga nayo, na kuona unachofanya hakifanyi kazi tena. Nilivyosoma nikajiona mwenyewe nimekaa kwenye mizani. Ila kilichonigusa zaidi ni chanzo chake, wanasema ni stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa vizuri. Kazini jamani. Hawajasema moyo mwepesi.

Kilichoniokoa mimi ni mama mmoja, karani mzoefu kunizidi, amekaa kwenye magunia tangu mi nasoma msingi. Jioni tukishafunga alikuwa ananivuta kwa mama lishe nyuma ya ghala, tunakunywa chai, kisha ananiuliza, "Haya mwanangu, leo nani kakutukana, na alikuwa anamtukana nani?"

Mwanzo sikumwelewa. Akanifundisha taratibu. Yule babu alikopa salfa tangu Mei apulizie mikorosho yake isiliwe na ugonjwa wa ubwiri unga, mwenye salfa anamfata kila siku, mjukuu anatakiwa aripoti fomu wani Januari, hela yake yote iko kwenye lile ghala na hajui itatoka lini. Alikuwa anautukana mkopo, mi nilikuwa nimekaa mbele yake tu. Hilo halikufanya tusi lisiume, liliuma, ila niliacha kulala nalo kama vile ni langu. Na siku ambayo kosa lilikuwa kweli langu, nimemwandikia mtu kilo pungufu, mama alinambia hili ni lako, kesho asubuhi mfate kwake umuombe radhi. Nikaenda.

Kuna mtafiti anaitwa Emmy Werner, alifatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwa cha Kauai kule Hawaii, akaanza nao kabla hata hawajazaliwa mpaka wakawa watu wazima kabisa. Waliokulia kwenye shida nzito, karibu theluthi moja walitoka wazima, wana kazi zao na familia zao, na kitu kimoja alichokikuta kwao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono, awe bibi, mwalimu, jirani. Ni watoto wale, sio makarani, najua, lakini mi naamini ule mlinganyo haubadiliki ukishaota ndevu. Mtu anasimama kwa sababu kuna mtu.

Sasa na mabosi nao wafanye yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka siku 28, msimu ukiisha mpeni mtu hiyo likizo akalale, msimbakize ghalani kuhesabu magunia matupu. Halafu kuna dawa ya bei rahisi kuliko semina yoyote. Msimu uliofata tulibandika karatasi ya manila mlangoni, mnada wa tarehe fulani, malipo yamefika hatua gani, tukawa tunaandika upya kila mabadiliko yakija, hata kama ni kuandika "bado". Makelele yalipungua kuliko nilivyotegemea. Watu wanasoma, wananuna, wanaondoka. Wengi walikuwa wanagomba kwa sababu hakuna anayewaambia kitu.

Mwaka huu tumeletewa karani mpya, binti mdogo, katoka chuo juzi. Wiki iliyopita kuna baba alimrushia stakabadhi usoni kwa sababu gunia zake tatu zilikutwa na unyevu akaambiwa akaanike upya, binti akaja nyuma ya ghala analia. Nikamuagizia chai, nikamwacha alie kwanza, kisha nikamuuliza lile swali. Akakaa kimya muda mrefu anafuta machozi na ncha ya mtandio, nje huko wingu limeshafunga tena.

"Alikuwa anaitukana mvua dada," akasema.