Jedwali halimfundishi mtoto usemi wa taarifa

Juzi nilipekua daftari la Kiingereza la mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili hapa Dodoma, nikakasirika kweli. Sentensi waliyopewa waigeuze iwe usemi wa taarifa, yaani waripoti maneno ya mtu: "Dodoma is the capital city," said the teacher. Mtoto akaandika: The teacher said that Dodoma is the capital city. Amepigwa kosa kwa wino mwekundu, na juu ya is pameandikwa was.

Lile si kosa. Kiingereza kinaruhusu is ikiwa jambo bado ni kweli wakati unaliripoti, na Dodoma ni makao makuu kisheria tangu 2018. Was nayo ni sahihi, sibishi. Ninachokataa ni kumnyima alama mtoto aliyefikiri.

Shida ni lile jedwali wanalokaririshwa: will inakuwa would, here inakuwa there, tomorrow inakuwa the next day. Kwa nini? Hawaambiwi. Maneno yamehama kinywa, basi! Anayeripoti ana mahali pake na siku yake, na kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Shangazi akikupigia simu toka soko la Sabasaba, "I will wait here," wewe uliye Kondoa utasema she said she would wait there. Ukiwa naye palepale sokoni ukamweleza mwenzako, here inabaki here. Jedwali halijui umesimama wapi.

Maswali ndiyo usiseme: watoto wanaandika she asked me where did I live, na hakuna anayewaonyesha kwamba did inaondoka, ibaki where I lived.

Najua madarasa yamejaa na mtihani unasubiri, na jedwali linaleta alama. Haya. Lakini watoto hawa wanaujua usemi wa taarifa kwa Kiswahili. Wanausikia kila Bunge likikaa: "Waziri alisema Serikali itajenga barabara." Alisema imeshapita, itajenga imebaki vilevile, na sikio halikwaruzwi. Kiingereza kwa kawaida hukivuta hicho kitenzi cha pili kifuate said, ndiyo maana itajenga inakuwa would build. Hapo ndipo watoto wetu wanapojikwaa, na hapo ndipo pa kuwashika mkono: sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, wazilinganishe wenyewe. Zipo shule ambako mtoto akitamka Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza anaadhibiwa. Wakuu wa shule, ondoeni adhabu hiyo, mwacheni mwalimu aandike sentensi zote mbili.