Sikuzikwa na mbwa, nilitumbukia mwenyewe

Kwanza niseme hivi: Redio amewadanganya.

Kwa wasiomjua, Redio ni rafiki yangu wa miaka mingi ambaye ukimnong'oneza siri saa mbili, saa tatu inakurudia ikiwa imenenepa. Jana jioni kasambaza kwamba "jamaa kazikwa na mbwa wake mwenyewe, mwenye nyumba kasimamia mazishi." Tangu hapo napokea pole. Kuna mmoja wenu ameniuliza kama kaburi limeshajengewa. Nimekuona, na nimekuandika pembeni.

Sikuzikwa. Nilitumbukia. Tena katika shimo nililolifunika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikiwa na akili zangu timamu. Naona kuliandika hivyo hakujanisaidia sana, lakini twende.

Mtuhumiwa ni mbwa wangu, mnamjua, picha zake mmezisifia wenyewe. Ana miezi minne na nusu. Ukimweka kwenye beseni la kufulia anabaki na nafasi ya kujinyoosha. Nilimpa jina Amani. Wiki mbili baadaye jirani, aliyechoka kusikia udongo ukigonga ukuta wake, akambatiza upya: Sululu. Na hilo ndilo analoliitikia. Ukimwita Amani anageuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayeitwa.

Mama yake ni teria. Baba yake ni siri ya mama yake. Laiti ningeuliza mapema hilo neno teria limetoka wapi, kwa maana chanzo chake ni Kilatini, terra, yaani udongo, ardhi. Hawa ni mbwa waliozalishwa vizazi kwa vizazi ili wamfuate mnyama mpaka ndani ya shimo lake. Kwa hiyo mimi nilimwingiza fundi nyumbani, halafu nikashangaa anafanya kazi.

Kufikia Ijumaa uani kulikuwa na mashimo 11, na kila moja lilikuwa na shughuli yake. Lile la chini ya mti ni chumba cha kulala: joto likizidi anajilaza humo tumbo likigusa udongo wa baridi. La kando ya uzio ni la upelelezi. Kuna moja ana mfupa wake, anaufukia, anaufukua, anaunusa, anaufukia tena, kama mtu anayeangalia salio kila baada ya dakika tano akitegemea limeongezeka. Mengine nadhani alichimba kwa sababu tu nilikuwa kazini na hakuwa na mtu wa kucheza naye, na hapo sina la kujitetea.

Lakini lile kubwa, pale penye maua, hilo lina jina langu. Maua niliyapanda mimi, na kwenye mashina nikaweka mbolea ya unga wa mifupa. Unga. Wa mifupa. Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufika milioni 300, mimi na wewe tunajikongoja na milioni sita hivi, halafu nachuchumaa mbele yake nazika mifupa iliyosagwa, napigapiga udongo kwa kiganja, namwambia "usiguse." Ni sawa na kuufunga mlango na kuacha ufunguo umening'inia kwenye kitasa.

Na si yeye peke yake aliyelichimba. Siku rimoti ilipopotea nilijua iko wapi. Nikachukua koleo, nikaingia kazini, nikalitanua shimo lile tumboni na kulishusha mpaka likawa linameza mguu wangu hadi katikati ya paja. Rimoti ilikuwa chini ya mto wa kochi. Shimo likabaki. Hilo paja liwekeni akilini, tutalihitaji.

Najua mtauliza kama nilijaribu ushauri wenu. Nilijaribu. Aliyesema pilipili, upepo uligeuka na nikapiga chafya mimi jioni nzima, na baadaye nikajua inaweza kumuumiza mbwa macho na pua, kwa hiyo usirudie kumshauri mtu. Aliyesema niweke kinyesi chake ndani ya shimo, ni kweli kinafanya kazi: shimo lile hakuligusa tena. Alisogea hatua mbili akaanza jingine. Na nyinyi mliosema nimfokee, nilimfokea kila nikitoka kazini. Analaza masikio, anatazama pembeni, anajikunja, nami natembea kifua mbele nikijua ujumbe umefika. Kumbe kuna mtafiti, Alexandra Horowitz, alilichunguza jambo hilohilo na kulichapisha mwaka 2009: ile sura ya majuto mbwa huionyesha akifokewa, awe amekosa au hajakosa. Anasoma uso wako tu. Shimo la saa sita mchana, ikifika jioni, yeye kwake ni historia. Miezi yote hiyo nimekuwa nikimhutubia mbwa juu ya matukio ya kale.

Sasa Ijumaa usiku mwenye nyumba akatuma ujumbe: "Kesho saa nne napita."

Ni mtu wa maneno machache. Ndiyo maana anatisha.

Mtu mwenye akili angefukia mashimo. Nilianza vizuri. Nikafukia matatu, nikageuka, nikakuta mawili yako wazi na Sululu amesimama katikati yake anatikisa mkia, kibarua anayesubiri kusifiwa. Nikakaa chini. Hapo ndipo Redio, ambaye alikuwepo muda wote amekaa kwenye kiti changu, akasema: "Si uyafunike tu?"

Someni tena. Wazo ni lake. Katika taarifa yake ya habari amelisahau hilo.

Basi asubuhi tukafunika. Shimo hili beseni limeinamishwa juu yake, hili ndoo, lile matawi, jingine nikaligeuzia kiti cha plastiki miguu juu. Lile kubwa la kwenye maua nikalitandikia boksi lililofunguliwa, juu yake udongo mwembamba, juu ya udongo majani makavu. Nikarudi nyuma nikatazama. Lilikuwa limependeza. Nilipiga picha, Mungu anisamehe. Haikunipitia hata kidogo kwamba hivyo ndivyo wawindaji wanavyotega.

Sululu nikamfungia jikoni.

Saa nne kasoro dakika mbili, lango likagongwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona mabeseni yameinamishwa?"

"Yanakauka, mzee."

"Na ndoo?"

"Nazo."

Akanyamaza. Akatazama kiti. "Na kiti?"

"Nacho kinakauka, mzee."

Redio akapata kikohozi cha ghafla.

Mzee akaanza kutembea. Aliukagua ukuta, akaukagua mti (matawi hakuyauliza, namshukuru), halafu nikaona miguu yake inaelekea kwenye maua. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye jambo la kuficha angefanya: nikawahi mbele yake, nikamgeukia, nikaanza kurudi kinyumenyume huku nikiongea bila kituo. Nia ilikuwa nisimame pembeni ya lile boksi, nimzuie kwa mwili. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Nikasema, "Mzee, nikuhakikishie, mbwa huyu ni mtulivu mno, hana habari kabisa na udongo..."

Hatua ya tatu.

Kilichotangulia ni sauti. Ndogo tu. *Fuu*. Sauti ya boksi lililokubali yaishe. Kisha kisigino kikawa hakina mahali pa kukaa. Kuanguka watu huanguka haraka, mimi nilishuka. Nilikuwa nimetazamana na mzee macho kwa macho, halafu nikawa natazama kidevu chake, halafu kitufe cha pili cha shati, halafu cha nne, halafu mkanda, na mkanda ulikuwa na bizimu nzuri ya shaba, nilipata muda wa kuisoma. Mguu wa kulia wote ukawa ardhini. Wa kushoto ukabaki juu, umenyooka mbele, kidole gumba kikimwelekea yeye. Majani makavu yakashuka taratibu yakanitua mabegani.

Na linaloniuma kuliko yote, kuliko hata nyonga, ni kwamba sentensi niliimalizia. Nikiwa humo. Nikasema, "...tangu aje hajachimba hata mara moja."

Kimya. Jirani alizima redio yake ya kweli.

Mzee akainamisha kichwa akanitazama. Akatazama mabeseni. Akatazama ndoo, akatazama kiti, akarudi kwangu.

"Na wewe unakauka?"

Jamani. Nimepitia mambo maishani, lakini sijawahi kukosa jibu namna ile. Nikasema "ndiyo mzee." Sijui kwa nini. Mdomo ulishazoea.

Nikajaribu kujivuta, haikuwezekana. Nililitanua tumbo la shimo mwenyewe lakini mdomo wake ni mwembamba, goti limekunjika ndani, halitoki bila kunyooka na halinyooki bila kutoka. Na nilipokuwa nimejishika kwenye shina la ua nikiwaza, nikasikia komeo la jikoni. Lile komeo nililosema nitalitengeneza tangu mwezi uliopita.

Sululu alitokeza, akasimama, akaniona. Niombeeni niweze kuwaeleza ile sura. Miezi miwili yule mtoto amekuwa akichimba peke yake huku mimi nimesimama juu ya kichwa chake nikimfokea. Leo anatoka nje ananikuta nimo ndani ya shimo. Nimeelewa, hatimaye! Nimeingia kazini! Alikimbia mizunguko miwili ya uani kwa furaha, akaniramba sikio, kisha akachagua sehemu yake, kiganja kimoja kutoka kwenye nyonga yangu, akanigeuzia makalio, akaanza kunisaidia.

Mbwa akichimba, udongo hupita katikati ya miguu ya nyuma. Nyuma nilikuwa mimi. Tupio la kwanza lilipiga jicho la kushoto. La pili shingoni. Nikapaza sauti, "Sululu!", na lile "lu" la mwisho, mdomo ukiwa bado wazi, likapokelewa na tupio la tatu.

Mzee akauliza, "Anaitwa nani?"

Nikatema. "Amani, mzee."

Hapo ndipo Redio alipopata ile picha. Wakati mtu anakula udongo, rafiki yake wa miaka mingi alikuwa amechuchumaa akitafuta upande wenye mwanga mzuri. Ukiitazama bila kujua yaliyotangulia, nakiri, inafanana na mazishi.

Aliyenitoa ni mwenye nyumba. Alivua viatu vyake vizuri, akaviweka sambamba pembeni ili visichafuke, akakunja suruali, akanishika kwapani akanivuta kama muhogo. Nilitoka mzima, suruali haikutoka nzima. Hakunifukuza. Alisema tu nifukie kabla ya mwisho wa mwezi, akaondoka, na alipofika nje ya lango nilimsikia akicheka mpaka akaegemea ukuta.

Leo alfajiri nimempeleka Sululu matembezi marefu ili nguvu zipungue. Penye maua nimefukia na kupanga mawe. Nimepigilia mbao nne kwenye kona, nimejaza mchanga, nimezika humo mpira wake na mfupa, na kila akianza kuparua kwingine nambeba namrudisha pale. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya siku ya kwanza badala ya kutandika boksi. Mpira ameufukua, ameniletea, nimemsifia, mambo yanakwenda.

Shida ni moja. Mzee jana aliondoka na kiatu kimoja na ndala yangu moja. Tulidhani kingine kimebingirika, tukatafuta chini ya kila beseni, mwisho akachoka. Leo saa mbili asubuhi ameniandikia ujumbe wenye neno moja: "Kiatu."

Kwa hiyo nachimba. Kwa koleo penye nafasi, kwa mikono penye mizizi. Kwenye mchanga wake hakipo, nimekwisha kuangalia mara mbili. Uani sasa kuna mashimo 16: yake tisa, nikiondoa mawili niliyofaulu kufukia, na yangu saba ya tangu asubuhi. Sululu amelala kivulini kichwa kimeelekea upande, ananitazama nilivyo na bidii. Hajaparua hata mara moja tangu nianze. Redio ameegemea uzio, simu mkononi, ananiambia nigeuke kidogo maana jua linampiga.

Simu yangu imelia tena. Ni mwenye nyumba.

"Cha kulia."