Mgonjwa Aliyekimbia na Glovu Yangu

Mtetea wetu mwekundu, ambaye kwa mwenendo wake ungedhani yeye ndiye mwenye banda na sisi wengine ni wapangaji, alianza kuchechemea, nami nilipoutazama wayo wake nikakuta kigaga cheusi kilichozungukwa na uvimbe wenye joto. Kwa sababu ya cheo chake hukubali kulala kwenye kichanja cha juu kabisa tu, na kila alfajiri huruka kutoka huko na kutua kwa kishindo. Ngozi ya wayo huchubuka, na bakteria wanaoitwa Staphylococcus aureus hupata mlango wa kuingilia.

Tiba yenyewe, kuieleza ni rahisi: mguu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli mpaka kigaga kilainike, hukaushwa, hupakwa iodini, kisha hufungwa bandeji. Nilivaa glovu, kwa kuwa bakteria hao hawabagui kuku na binadamu, na mpwa wangu akamfunika mgonjwa kichwa kwa taulo, maana kuku asiyeona mwanga hutulia. Alitulia kweli. Alisinzia kwenye mapaja yangu, mguu mmoja ndani ya beseni, akitoa sauti ndogo ya kooni kama bibi harusi anayesingwa.

Kigaga kililainika, mguu ukakaushwa, iodini ikapakwa. Nilikuwa nimezungusha bandeji mara moja tu, ile inayojishika yenyewe bila gundi, huku kidole changu kikiibana ncha yake, ndipo jogoo, aliyekuwa ametukodolea macho muda wote kutoka upande wa pili wa wavu, alipowika kwa nguvu zake zote. Taulo lilianguka. Mgonjwa alikanyaga ukingo wa beseni, maji yote ya haluli yakahamia kwenye suruali yangu, chupa ya iodini ikafuata, na bandeji ikajisokota kidoleni mwangu, nikawa nimefungwa pamoja na kuku. Alivuta, glovu ikavuka, akaondoka nayo.

Kuku wenzake walipoona kitu cheupe chenye vidole vitano kikiburutwa mavumbini, waliamini kwamba kinaliwa, wakakifukuza kwa pamoja. Yule ambaye asubuhi hakuweza kukanyaga chini alizunguka ua mzima kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa kuku mwenye miguu mizima.

“Mjomba,” mpwa wangu alisema, “amepona!”

Tulimkamata usiku, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani na huchukulika kichanjani bila ubishi, tukamfunga bandeji upya kwa mwanga wa tochi, tena nyuma ya mlango uliofungwa ili jogoo asitoe maoni. Kwa kubadilishwa bandeji mara kwa mara uvimbe ulipungua, na kichanja tumekishusha hadi usawa wa goti.

Sasa anayechechemea ni jogoo mwenyewe, na mpwa wangu ghafla amekumbuka kwamba ana masomo mengi.