Nakala Moja ya Maktaba, Kiraka Kimoja

Wasanidi chipukizi wengi hapa Kisumu huiona Debian, mfumo endeshi wa Linux, kuwa kaidi, kwa kuwa kwa kawaida hushikilia toleo moja la kila maktaba ya programu (msimbo ulio tayari ambao programu nyingi huutumia) kwa mfumo mzima. Wao hupendelea kila programu ijibebee maktaba zake, kama ilivyo katika vifurushi vya Snap au kontena za Docker, ambazo hufunga programu pamoja na mahitaji yake, na hoja yao ina uzito: aliyewahi kusakinisha programu ya zamani kwenye Ubuntu 22.04, mfumo uliojengwa juu ya Debian, uliohamia toleo la 3 la OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) na kuliacha la 1.1, anajua jinsi siku nzima inavyoweza kupotea.

Hata hivyo, matoleo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugongana, maana majina ya faili zake yanatofautiana. Swali ni nani atakayeziba kasoro za usalama za lile la zamani kwa viraka, yaani marekebisho madogo. Msaada wa kawaida wa OpenSSL 1.1.1 ulikoma Septemba 2023, ilhali Ubuntu 22.04 iliahidiwa miaka 5 ya marekebisho ya usalama, muda unaopita mwisho huo.

Mwezi huohuo ilifichuliwa kasoro katika libwebp, maktaba inayosoma picha za WebP: picha iliyoundwa kwa hila iliweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha msimbo wake. Katika Debian, kifurushi kimoja kisichofika hata megabaiti moja kilisasishwa, na programu zote zilizotegemea nakala hiyo ya pamoja zikapona mara zilipofunguliwa upya. Lakini programu zilizoundwa kwa zana ya Electron, kama zile za mawasiliano za Slack, Discord na Signal ya kompyuta, kila moja hubeba kivinjari chake kizima cha Chromium, na ndani yake libwebp yake. Kila moja ilihitaji toleo jipya kutoka kwa waundaji wake, lenye makumi ya megabaiti, na orodha ya vifurushi vya mfumo haikumwonyesha mwenye kompyuta ni zipi zilizobeba kasoro hiyo. Kwa maabara ya kompyuta 20 inayoishi kwa bando, hiyo ni gharama halisi, na ndiyo inayofanya masasisho yaahirishwe hadi yasahaulike.

Flatpak, mfumo mwingine wa vifurushi kama Snap, imepunguza tatizo kwa kuzifanya programu zishiriki baadhi ya maktaba, na programu ya zamani isiyo na mbadala inastahili kontena yake. Ila anayeijenga kontena hiyo amejitwika kazi ya watunzaji wa vifurushi wa Debian: kufuatilia kila maktaba iliyomo na kuijenga upya kila kiraka kinapotoka.