Kutembeza wageni Unguja na kutembeza wageni Hamburg: tatizo si ujuzi, tatizo ni malipo

Wadogo zangu wa Unguja wananiandikia sana siku hizi, hasa wale wanaotembeza wageni, na swali lao ni hilo hilo tu, kaka huko Ujerumani mambo vipi, nitafutie njia na mie nije, hapa nshachoka. Nilikuwa namjibu kila mtu peke yake ila naona bora niyaandike yote pamoja, maana kazi hii nimeifanya kwetu miaka mingi, Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu, msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, na sasa naifanya hapa Hamburg, natembeza makundi bandarini na kwenye maghala ya zamani. Pande zote mbili nazijua, na mengine nitakayosema hayatowafurahisha wenye makampuni ya kwetu lakini lazima yasemwe.

La kwanza nalisema bila kupepesa macho. Muongoza watalii wa Zanzibar ni mtaalamu kuliko wengi niliofanya nao kazi huku, na simdharau mtu. Hebu muangalie kijana wa kwetu siku yake ilivyo. Alfajiri keshatoka kwao Mwera au Fuoni, anapanda daladala mpaka mjini, anaungana na dereva wa haisi wanakwenda Nungwi kuchukua watu 14, nusu Wataliano nusu Wapolandi, Kitaliano kajifunzia ufukweni na Kipolandi kajifundisha mwenyewe kwa simu usiku. Akifika shambani Kizimbani anakwangua gome la mdalasini wanusie, halafu anafukua mzizi wa mti ule ule na kumbe mzizi unanuka kafuri, wageni wanatizamana. Anawaonesha iliki inavyozaa chini kabisa karibu na udongo wakati wao walidhani inaning'inia juu ya mti, anapasua kungumanga mbichi waione ile basibasi nyekundu ilivyoizunguka kokwa, anafika kwenye vanila anawaeleza kwamba asili yake Mexico, huku kwetu kila ua linachavushwa kwa mkono na kijiti, na aliyeivumbua njia hii rahisi mwaka 1841 ni mtoto wa miaka 12 tu, Edmond Albius, mtumwa wa kisiwa cha Réunion. Yote hayo yamo kichwani, hana karatasi wala nini, na huku anamuangalia yule bibi wa miaka sabini aliyekaa nyuma maana jua la saa saba si mchezo na mgeni akiacha kutoka jasho huku uso umemuiva basi hapo hatari ishaingia, ni kivuli na maji na gari haraka.

Mchana huo huo anawapandisha boti kwenda Changuu kuangalia makobe. Lazima ajue maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, lazima ajue kusi likivuma mwezi wa saba bahari itakuwaje wakati wa kurudi, anamshika mgeni mkono kumteremsha kwenye maji ya magotini na mkono mwengine umebeba mkoba wa kamera wa mtu, na bado anahesabu vichwa. Huku Hamburg mie nimepewa maikrofoni ya kubana shatini, wageni wana hedifoni, njia ni moja na saa ni mbili, mvua ikinyesha kila mtu na koti lake. Ni kazi nzuri na naipenda, lakini kwa ugumu haifiki robo ya ile.

Sasa nani analipwa?

Mie huku nina mkataba wa maandishi, nalipwa kwa saa, kima cha chini cha Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa na muajiri akilipa chini ya kima kavunja sheria. Nikiumwa nalipwa. Dhoruba ikitokea ofisi ndiyo inayofuta ziara na hela yangu siikosi. Kuna hili pia ambalo watu wengi kwetu hawalijui na mie ndilo lililonifungua macho zaidi: kiangazi wageni wanakuwa wengi, nafanya saa nyingi kuliko zilizomo kwenye mkataba, zile za ziada haziliwi wala hazipotei, zinaandikwa na kuwekwa kama akiba, halafu msimu wa baridi kazi ikipungua nazilipwa kidogo kidogo, kwa hiyo mwezi wa kwanza na mwezi wa saba mshahara ni ule ule. Sasa fikiria masika kwetu, mwezi wa nne na wa tano mvua, hoteli kibao zinafungwa, kijana anaambiwa kaa nyumbani tutakupigia, anakaa miezi miwili hana senti, anakopa dukani, anakopa kwa shemeji, msimu ukifunguka mwezi wa sita anaanza na madeni. Na ni huyo huyo aliyewaingizia kampuni hela Disemba na Januari.

Anayemlipa kijana wa kwetu hasa ni duka. Tusifichane, wote tunajua. Hela ya siku kwa muongozaji ni ndogo na pengine hakuna kabisa, anaambiwa tipu zako utazipata, na kamisheni utaipata ukiwapeleka kwa fulani kununua picha za tingatinga, vinyago, khanga na viungo vya paketi. Hili linakula kazi yenyewe. Nimewahi kuwa na kundi pale Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wageni wamesimama mbele ya lile shimo lenye sanamu tano na minyororo shingoni ambalo msanii Clara Sörnäs alilimaliza mwaka 1998, mama mmoja analia kabisa, anauliza maswali ya maana, watu hawa walitolewa wapi, wakapelekwa wapi, nani alifaidika, na simu yangu inaita mfululizo maana duka lina kundi jengine linakuja saa tano na sie inabidi tuwahi. Nikasema nao kwa kirefu na dukani tukachelewa, na jioni niliambiwa maneno. Kazi gani hii ambayo ukielezea historia ya mahali pale vizuri unapata hasara, ukiikata dakika kumi na kukimbilia vinyago unapata hela? Mgeni si mjinga, anaona. Anaona unavyotizama saa. Akirudi kwao anaandika kwamba Zanzibar nzuri lakini walitupeleka madukani kutwa, na lawama anabeba muongozaji, si aliyepanga ratiba.

Jengine ni nani anasimama nyuma yako siku ikiharibika. Darajani kwenye mnada wa samaki, mgeni wa kike wa kundi langu alisukuma kamera mpaka karibu na uso wa mama mmoja mchuuzi wa pweza, bila ya kuomba, yule mama akageuza uso, yeye akamzunguka upande wa pili. Nikaweka kiganja mbele ya lenzi taratibu nikamwambia dada, huyu ni mzazi yupo kazini kwake, tumuombe kwanza. Akanuna. Usiku akaandika nyota mbili, na ofisi ikanipunguzia siku za kazi wiki iliyofuata bila hata kuniuliza ilikuwaje. Hali kadhalika na mavazi, wageni wanatembea Mji Mkongwe kama wapo ufukweni, wazee wanatoka msikitini Malindi wanainamisha macho, na anayetazamwa vibaya ni mie, mtoto wa hapo hapo. Huku ziara ikianza nasema mbele ya watu wote picha ipi inaruhusiwa na ipi hairuhusiwi, hilo limo kwenye masharti waliyoyakubali walipokata tiketi, na mgeni akileta ubishi ofisi inampigia yeye. Mie naendelea na kazi. Kizimkazi ingekuwa hivyo, manahodha wasingekuwa wanawafukuza pomboo na boti tano kwa pamoja eti kwa sababu mgeni kasema hajawaona karibu na atanyima tipu.

Msije mkadhani Ulaya yote salama. Kuna ziara wanaziita za bure kwenye miji mikubwa, muongozaji anaishi kwa tipu tu na baadhi ya makampuni yanamkata hela kwa kila kichwa alichokileta, yaani ni yale yale ya kwetu ila kwenye baridi. Na mshahara huu ninaousema kodi ya nyumba inaubeba sehemu kubwa, msione yuro mkazidisha kwa shilingi mkadhani nina gorofa. Mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza linaingia. Jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina. Kwetu nikipita Shangani au Hurumzi na kundi ilikuwa kila baraza nasimama, shikamoo mzee, marahaba, hawa wageni wa wapi leo, karibuni, mmoja anatoa kahawa mwengine anatoa halua, ratiba inachelewa na wageni ndicho walichokipenda kuliko jumba lolote, wengi walikuwa wananiambia hivyo wakati wa kuagana. Huku kundi likiisha kila mtu anakwenda zake, asante sana, kwaheri. Hicho hakuna mkataba utakaokupa.

Lakini msinitumie hilo la baraza kama ndiyo sababu ya watu kutolipwa, maana ndivyo wanavyosema mabosi, eti sie watu wa ukarimu, hela siyo kila kitu. Mwaka 2024 wageni zaidi ya laki 7 waliingia Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje analipa bima ya dola 44 akiingia. Hela inaingia visiwani. Isimfikie vipi anayemshika mgeni mkono?

Kuna jambo linaniuma nikiwa kazini huku. Maghala ya Speicherstadt ninayotembeza watu yalianza kujengwa mwaka 1883, watu kama 20,000 wakahamishwa kupisha ujenzi, Vita vya Pili vya Dunia mabomu yakaharibu kama nusu yake, wakayajenga tena, na mwaka 2015 UNESCO wakayaingiza kwenye urithi wa dunia. Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka huo huo wa 1883, Mji Mkongwe ukaingia urithi wa dunia mwaka 2000, miaka 15 kabla ya hawa, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki. Siku ile sikula. Kila nikisimama mbele ya maghala haya nawaambia wageni habari za jumba letu, nawaambia pia kwamba kampuni ya familia ya O'Swald ya hapa hapa Hamburg ilikuwa na biashara Unguja karne ya 19, ikichukua simbi za kauri za pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi zikatumika kama pesa. Wanashangaa, hawakuwahi kuambiwa, nao wamezaliwa mji huu. Na naweza kuwaeleza nusu saa nzima kwa sababu hakuna duka linalonisubiri.

Wengine nawapeleka makaburini Ohlsdorf kwa Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa hapa Heinrich Ruete, akabatizwa na kuitwa Emily, mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870 na yeye akabaki Ujerumani na watoto watatu wadogo, lugha hajaijua vizuri, mpaka akafa Jena mwaka 1924. Ukiwa mtu wa Unguja huwezi kusimama pale ukabaki kama ulivyo. Juzi juzi nilikuwa pale na kundi la wastaafu wanaojiandaa kuja Zanzibar, wanafundishwa siku hizi waulize maswali kabla ya kulipa, wakaniuliza wewe ni mtu wa kule, tuambie kampuni ipi inawalipa waongozaji wake mshahara wa kweli, na siyo kamisheni za maduka, tutalipa hata zaidi. Watu wana hela mkononi, wanataka jibu. Nikawapa jina la rafiki yangu mmoja anayejitembezea mwenyewe na leseni yake ya Kamisheni ya Utalii, kampuni sikuwa nayo ya kuwatajia.

Kwa hiyo wadogo zangu, anayetaka kuja aje, mie sitamfungia mtu mlango, ajifunze Kijerumani kwanza kwa nguvu zote na asije kwa njia za wizi. Ila kabla ya hapo kaeni pamoja mdai mambo matatu tu, hela ya siku inayoandikwa, akiba ya saa za msimu ilipwe masika, na duka litoke kwenye ratiba mpaka mgeni mwenyewe aombe. Mwenye kampuni yeyote Unguja au Pemba anayefanya hivyo tayari, au atakayeanza msimu huu, aniandikie na anioneshe mkataba wa mfanyakazi wake mmoja. Wale wastaafu wanasafiri Januari na bado hawajalipia ziara zao.