Hatari ipi ishughulikiwe kwanza? Waongoza ndege na hesabu zisizosema kila kitu

Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024, ndege za abiria na helikopta zilikaribiana mara 15,214 kuzunguka uwanja wa ndege wa Reagan, Washington. Hesabu hiyo ilitolewa Machi 2025 na NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri. Inajumuisha kila mara vyombo viwili vilipokuwa chini ya maili moja ya baharini kwa mlalo na chini ya futi 400 kwa wima. Katika mara 85 miongoni mwa hizo, umbali ulishuka hadi chini ya futi 1,500 kwa mlalo na chini ya futi 200 kwa wima. Kumbukumbu hizo zilikuwapo muda wote, lakini zilikuja kukusanywa na kusomwa kwa pamoja baada ya usiku wa 29 Januari 2025. Usiku huo ndege ya abiria aina ya CRJ, ikiwa inakaribia kutua, iligongana na helikopta ya jeshi ya Black Hawk juu ya Mto Potomac. Walikufa watu 67, wote waliokuwamo.

Wengi wakizisoma takwimu hizi husema jambo moja: dalili zilikuwa mezani, wakubwa wakazifumbia macho. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Katika kipindi hichohicho uwanja ule ulipokea na kurusha ndege za abiria mara 944,179. Kukaribiana kule ni kama asilimia 1.6 ya safari hizo, na mara nyingi kulikuwa halali kabisa, kwa sababu kanuni zinamruhusu rubani aliyeiona ndege nyingine kwa macho yake ajitenge nayo mwenyewe. Mtu wa idara ya usalama aliyekaa mbele ya maelfu ya matukio halali atajuaje kwamba mle ndani mna moja litakaloua? Akipiga kengele kwa yote, baada ya mwezi hakuna atakayemsikiliza.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi ya kupanga hatari za uongozaji ndege kwa umuhimu. Kuzitambua si taabu kubwa. Mwongoza ndege yeyote mwenye uzoefu atakutajia kumi kabla chai haijapoa. Taabu ni kuamua ipi ipewe fedha, watu na muda, na ipi isubiri.

Njia iliyozoeleka ni jedwali la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Upande mmoja kuna uwezekano wa jambo kutokea, kuanzia 1 hadi 5. Upande mwingine uzito wa madhara, kuanzia A hadi E. Unakutanisha namba na herufi, unapata rangi: nyekundu, njano au kijani. Tangu Kiambatisho cha 19 cha ICAO kianze kutumika Novemba 2013, kusimamia usalama kwa utaratibu wa namna hii ni wajibu wa nchi zote wanachama. Wanaolitetea jedwali wana hoja nzito. Linampa mkaguzi wa Entebbe na mwenzake wa Nairobi lugha moja. Linamlazimisha meneja aandike sababu za uamuzi wake, badala ya kuamua kwa kufuata ajali iliyotangazwa juzi kwenye habari. Pia linazuia mtindo wa mwenye sauti kubwa kwenye kikao kupata bajeti.

Udhaifu wake uko kwenye ule upande wa uwezekano. Kwa jambo linalotokea kila wiki, namba unaipata kwenye kumbukumbu. Kwa jambo ambalo halijawahi kutokea kituoni kwako unakisia, na makisio huelekea kule unakotamani.

Chukua ajali ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, usiku wa 1 Julai 2002. Ndege ya abiria aina ya Tupolev Tu-154 kutoka Urusi iligongana angani na Boeing 757 ya mizigo ya DHL. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule. Anga ile iliongozwa kutoka Zurich na kampuni ya Uswisi ya Skyguide. Usiku huo mafundi walikuwa wakifanya matengenezo, kwa hiyo mfumo wa kuonya kwamba ndege zinakaribiana haukuwa ukifanya kazi kikamilifu. Laini kuu ya simu ilikuwa imezimwa, na ya akiba ilikuwa mbovu. Waongoza ndege wa Karlsruhe, ng'ambo ya mpaka, waliona onyo kwenye skrini zao wakajaribu kupiga simu Zurich, wasipate. Zurich kwenyewe mtu mmoja alikuwa akihudumia vituo viwili vya kazi peke yake, mwenzake akiwa mapumzikoni, desturi ambayo uongozi uliijua na kuivumilia kwa kuwa usiku ndege ni chache.

Sasa yaingize hayo kwenye jedwali, moja baada ya jingine. Matengenezo ya usiku: kijani. Simu kuzimwa kwa saa chache: kijani. Mtu mmoja zamu ya usiku: pengine njano. Hakuna hata moja ambalo lingefika juu ya orodha, na hakuna hesabu ya matukio ambayo ingelifikisha huko. Yalikuja kuua kwa kukutana. Mwenye jedwali anaweza kujibu kwamba lawama ni ya aliyelitumia, maana mwongozo wenyewe unataka mabadiliko kama matengenezo yatathminiwe kwa pamoja. Ni kweli. Lakini fomu inapompa mtu mstari mmoja kwa hatari moja, atajaza mstari mmoja kwa hatari moja.

Kwenye ajali hiyohiyo kuna somo la pili, nalo linawabana zaidi wanaoamini wingi wa takwimu. Ndege zote mbili zilikuwa na TCAS, chombo kinachompa rubani amri ya mwisho ya kukwepa. TCAS iliwaambia marubani wa Tupolev wapande. Mwongoza ndege alikuwa ameshawaambia washuke na, bila kujua hilo, akarudia amri yake. Wakamtii yeye. Wale wa DHL walitii TCAS, nao wakashuka. Mkanganyiko kama huo ulikuwa umeshatokea Japani tarehe 31 Januari 2001, kati ya ndege mbili za Japan Airlines. Zilikoswakoswa, abiria wakajeruhiwa. Tukio moja tu! Kwenye safu ya takwimu, moja si kitu. Kanuni za ICAO ziliandikwa upya Novemba 2003 ili rubani afuate TCAS hata mwongoza ndege akisema vingine, na wakati huo watoto wale walikuwa wameshazikwa.

Ulaya ilijaribu njia nyingine. Shirika la EUROCONTROL liliamua kupanga hatari kwa kuuliza kinga zipi ziliikamata kila hitilafu, na zipi zilipitwa. Kutokana na ramani hizo za kinga likateua hatari tano za kufanyiwa kazi kwanza. Mojawapo ndiyo inayonivutia kuliko zote: mwongoza ndege kutoiona ndege iliyo karibu kabisa na ile anayoiongoza. Anakuwa ametatua mgongano wa mbali, kichwa kimeshatulia, anairuhusu ndege ishuke, wakati kuna nyingine futi 1,000 chini yake. Ukisoma ripoti kwa kuhesabu tu, matukio haya yanatawanyika chini ya majina kumi tofauti. Ukiuliza ni kinga gani iliyopitwa, yanajikusanya yenyewe.

Naiona njia hii kuwa bora. Hata hivyo orodha fupi ina gharama zake: hatari ya sita hukosa bajeti, na nchi nyingine hujikuta zinanakili tano za wenzao bila kuchunguza anga lao. Orodha ya Ulaya ilitoka kwenye anga lenye rada kila kona. Katika sehemu kubwa ya Afrika marubani bado hujitangaza wenyewe kwenye masafa ya redio ya megahezi 126.9, wakitaja walipo na kimo chao ili wenzao walio jirani wasikie, kwa sababu mawasiliano na vituo vya ardhini hayaaminiki. Huko, redio isiyosikika inaweza kustahili nafasi ya kwanza.

Vifaa navyo vina watetezi wake, na sina neno dhidi ya rada. Tanzania leo inazo nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Lakini tunakumbuka pia mkataba wa rada ya BAE, kampuni ya Uingereza, pauni milioni 28, ambao tathmini ya ICAO iliuona ghali na usiofaa kwa mahitaji ya anga la kiraia. Fedha ilitangulia, swali la hatari ipi inatibiwa likaja nyuma. Huko Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, skrini ya mwongoza ndege ilikuwa na onyo kwamba njia ya kurukia ina chombo kingine wakati ndege ya abiria inakuja kutua. Onyo halikuonwa, na watu watano wa ndege ya walinzi wa pwani wakafa. Siku chache baadaye Japani iliweka mtu maalumu wa kuitazama skrini hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba nafasi ya kwanza iende mahali ambapo imebaki kinga moja, hasa ikiwa kinga hiyo ni jicho la mwanadamu, hata kama kumbukumbu zinaonyesha matukio machache. Kwenye Potomac, helikopta ikiruka futi 200, kimo cha juu kilichoruhusiwa kwenye njia yake, ingeweza kuachana kwa futi 75 tu na ndege inayotua kwenye njia ya kurukia namba 33. TCAS haitoi amri ya kukwepa karibu hivyo na ardhi. Mnarani, kazi ya kuongoza helikopta ilikuwa imeunganishwa na ya kuongoza ndege. Kilichobaki ni macho ya marubani, usiku. Hilo lingeonekana kwa kuisoma ramani tu, hata pasingekuwa na tukio lolote lililorekodiwa.

Nairobi tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliyokuwa imeruka kutoka uwanja wa Wilson kwenda Diani, ikiwa na watu 44, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi salama. Wawili wa Cessna, mwanafunzi na mkufunzi wake, walikufa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Wilson huchanganya wanafunzi, watalii na ndege za ratiba kwenye anga dogo, na ndege ndogo za mafunzo kwa kawaida hazina TCAS. Idadi ya ripoti kutoka mahali kama pale haitoshi kunituliza. Ripoti chache zaweza kumaanisha usalama, au zaweza kumaanisha kwamba mwanafunzi anaogopa kupoteza leseni asiyoipata bado. Familia za waliokufa zina haki ya kutaka wazembe wawajibishwe, na mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wanne wa Skyguide mwaka 2007. Ila anayeripoti kosa lake la bahati mbaya akiadhibiwa, mwaka ujao jedwali litakuwa kijani tupu.

Kenya, Uganda na Tanzania tayari zina chombo cha pamoja cha usalama wa anga, CASSOA, chenye makao yake Entebbe. Kinaweza kuanza na zoezi moja kwa kila uwanja wenye shule ya urubani: kuweka njia za mafunzo na njia za ndege za abiria kwenye ramani moja, kisha kuuliza katika kila zinapokatana ni nini kitakachozuia mgongano ikiwa rubani mmoja hakuona.